Kamba ya manila na mlingoti wa mkonge: kwa nini serikali igharimie utafiti wa msingi

Ukishuka Deep Sea hapa Tanga asubuhi, boti zinapoingia, tazama kamba zinazofungia nanga. Nyingi ni za manila, plastiki ya bluu au ya kijani. Mji uliokuzwa na mkonge unafunga vyombo vyake kwa kamba iliyoanzia maabara ya Ulaya. Mimi ni mtafiti wa mimea, na kila ninapoulizwa kwa nini kodi ya mwananchi iende kwenye utafiti usioonyesha faida ya karibu, huanza na kamba hiyo.

Mwaka 1953, mjini Mülheim, Ujerumani, mkemia Karl Ziegler na wenzake walikuwa wakiunganisha gesi ya ethileni kwa msaada wa kemikali za alumini. Jaribio moja likagoma. Wakatafuta sababu hadi wakagundua chembe za nikeli zilizobaki ndani ya chombo. Basi wakajiuliza metali nyingine zingefanya nini, wakazijaribu moja baada ya nyingine, na kwa njia hiyo wakapata plastiki bila kuhitaji mgandamizo mkubwa. Mwaka uliofuata Giulio Natta, huko Milano, akatumia ugunduzi huo kutengeneza polipropilini, plastiki ya kamba kama hizo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hatujakifikia tena hadi leo. Kamba za polipropilini zilipoenea kwa wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia nyasi za mifugo kwa katani yetu, soko likaporomoka. Utaifishaji na usimamizi wa mashamba navyo vilichangia, na sitaki kulificha hilo. Lakini pigo la soko lilitokana na mtu aliyetaka kujua kwa nini chombo chake kimeleta jibu lisilotarajiwa.

Huo ndio utafiti wa msingi: kutafuta jinsi kitu kinavyofanya kazi kabla hujajua utakitumia wapi.

Nasi tumewahi kuufanya, tena milimani hapa juu. Kituo cha Amani, Usambara ya Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Chini ya Waingereza, katika miaka ya 1930, H. H. Storey alichunguza pale magonjwa ya muhogo. Mwaka 1936 alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi kahawia, ule unaoozesha muhogo ardhini huku majani yakikudanganya kwamba shamba ni zima. Amani wakauchanganya muhogo na mti wa mpira wa jamii yake, mti usio na kiazi cha kuliwa, ili kupata ukinzani. Mtu wa hesabu za mwaka mmoja angeufuta mradi ule mapema. Mbegu zake zilifika Nigeria, na huko zikawa msingi wa aina nyingi zinazostahimili batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Mche mwingine wa Amani ulibaki mikononi mwa wakulima: Wakenya wa pwani wanauita Kaleso, sisi Namikonga. Kazi ya Amani ya kuzalisha mihogo ilisimama mwaka 1957. Michirizi kahawia ilipopamba moto Afrika Mashariki miaka ya 2000, watafiti walirudi kwenye mche huohuo.

Mkonge una kisa kinachofanana na hicho. Amani na kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, wilayani Muheza, walichanganya aina za mkonge hadi wakapata chotara 11648, ambao hutoa majani 600 hivi kabla ya kufa, wakati mkonge wa kawaida hutoa 200 na kitu. Leo ndio unaotawala mashamba ya China. Mbegu ilizaliwa kwetu na wengine wamejua kuifaidi. Kila nikilifikiria hilo naumia.

Wengine husema wafanyabiashara wajilipie utafiti wao. Mlingano ilianza kwa michango ya wenye mashamba, na iliwezekana kwa sababu walikuwa wachache na zao lao moja. Ziegler naye alilipwa na wenye migodi ya makaa, matajiri waliomwacha aulize atakalo. Mkulima wa muhogo wa Handeni hana mfuko huo. Hata angekuwa nao, jirani angekata fimbo za mche bora usiku mmoja akapande kwake. Maarifa hayafungiki ghalani, kwa hiyo anayeyagharamia peke yake hupata sehemu ndogo ya faida, na nyingine husambaa kwa taifa zima. Ndiyo maana mlipaji anayefaa ni taifa lenyewe.

Nchi za Afrika zilikubaliana mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Nyingi hazijafika. Korea Kusini inatumia zaidi ya asilimia 4.

Kiasi ni jambo moja, mtiririko ni jingine, na kwangu huu wa pili ndio mzito zaidi. Fedha zikija mwaka huu na kukatika mwakani, hupotea zaidi ya nusu ya kazi. Kuna ugonjwa wa madoa ya majani uliopewa jina la mji wetu wa Korogwe, na chotara 11648 hushambuliwa nao. Atakayetaka kuzalisha mkonge unaoukinza atangoja mmea utoe mlingoti, yaani bua refu la maua, jambo linalotokea mara moja tu katika maisha yake, baada ya miaka 8 hadi 12. Hapo atakuwa amevuka kizazi kimoja tu cha uchanganyaji. Katika kila bajeti ya miaka hiyo, lazima pawe na mshahara wa anayepalilia kitalu hicho.