Je, wajua kwa nini upepo wa pwani humchosha mpanda baiskeli kwenda na kurudi?

Muulize mchuuzi wa samaki anayetoka Paje kwenda Makunduchi mwezi wa Julai, kusi imekaza na tenga liko kwenye keria. Atakwambia kwamba asubuhi upepo ulimla, na jioni alipogeuza haukumlipa. Wenye gari humcheka. Barabara ni ileile na upepo ni uleule, basi kama ulikukabili kwenda, si utakusukuma kurudi, hesabu zikalingana? Hazilingani. Mchuuzi anasema kweli, na kila anayejaribu safari ndefu ya baiskeli kwenye pwani ya mashariki ya Unguja atalijua hilo kwa magoti yake.

Tuanze na muda. Chukua safari ya kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, na mpandaji ambaye siku ya shwari huenda kilomita 18 kwa saa. Atamaliza kwa saa 2 na dakika 13. Sasa upepo uvume, umpunguzie kilomita 6 kwa saa anapoukabili, na umwongezee 6 zilezile anapoupa mgongo. Kwenda, kwa mwendo wa 12, atatumia saa 1 na dakika 40. Kurudi, kwa mwendo wa 24, dakika 50. Jumla saa 2 na nusu. Upepo umegawa sawa kwa sawa, na bado amechelewa dakika 17, kwa sababu mwendo mdogo humweka ndani ya upepo mbaya kwa muda mrefu maradufu ya ule anaokaa ndani ya upepo mzuri.

Na huo ni mfano wa huruma, maana upepo wenyewe hauna huruma kiasi hicho. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi ambayo hewa inakupiga. Ukienda kilomita 18 kwa saa hewa ikiwa imetulia, hewa inakupiga kwa 18. Ukikutana na upepo wa mbisho wa kilomita 18 kwa saa, ambao kwa watu wa Jambiani si upepo wa kutajwa, hewa sasa inakupiga kwa 36. Kasi imezidi mara mbili, lakini nguvu inayokurudisha nyuma imezidi mara nne. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mara kwa mara tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa kwa mwambao, Unguja na Pemba zikiwemo. Siku kama hiyo, hata ukikubali kujikokota kwa kilomita 10 kwa saa, hewa inaweza kukupiga kwa 50, na ukinzani ukakaribia mara nane ya ule wa siku ya shwari. Ndiyo maana unawaona watu wazima wameshuka wanasukuma baiskeli kwenye barabara isiyo na mlima wowote.

Lakini jambo ambalo wengi hawalitarajii ni upepo wa ubavuni. Mtu hudhani upepo unaotoka kando kabisa haumuongezei wala haumpunguzii kitu. Unampunguzia. Hewa ya mwendo wako inatoka mbele, upepo unatoka kando, na zikichanganyika zinakupiga kwa mshazari, kwa kasi kubwa kuliko ya kila moja peke yake. Kama mwendo wako na upepo ni sawa, nguvu ya kukurudisha nyuma huongezeka kwa asilimia 40 hivi, hata kama upepo hauna chembe ya kutoka mbele. Ili usikudhuru, lazima utoke nyuma kidogo ya ubavu, kama digrii 12. Ukiuzungusha upepo huo pande zote za dira, kati ya digrii 360 kuna takriban 204 zinazokuumiza na 156 tu zinazokusaidia. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba upepo hutoka mbele “kila siku” hajatia chumvi nyingi.

Kwa nini basi Paje, Bwejuu na Makunduchi kuliko kwingine? Ukitoka Mjini unapita Jozani, na msitu unakukinga mpaka unasahau kama kuna upepo. Halafu unaibuka kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe, vichaka vifupi na minazi iliyoachana. Upepo hupungua kasi unapokwaruzana na miti, nyumba na vilima, lakini bahari na ufuo uliokupwa maji haviukwaruzi sana. Vipimo vya hali ya hewa huchukuliwa mita 10 juu ya ardhi, na bara lenye miti sehemu kubwa ya kasi hiyo huwa imekwisha kabla ya kufika kifuani kwako. Kwenye pwani iliyo wazi na ya chini, nyingi hukufikia. Wanaokuja Paje kuteleza juu ya maji kwa tiara wanaifuata hali hiyohiyo inayokutesa wewe.

Kisha kuna saa za siku. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake hupaa, na ile ya baharini huingia kujaza nafasi. Pwani ya mashariki upepo huo huungana na ule wa msimu, kwa kuwa kusi huku huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo saa 8 mchana huwa kali kuliko saa 1 asubuhi.

Mwili nao una lawama yake. Sehemu kubwa ya ukinzani husababishwa na mpandaji mwenyewe, si chuma. Baiskeli zetu nyingi ni za kukaa wima, kifua wazi, na kanzu ikijaa hewa tayari una tanga, ila linakuvuta kinyume. Uholanzi wamelifanya hilo mchezo: tangu 2013 wana mashindano ya taifa ya kuukabili upepo, kilomita 8.5 juu ya Oosterscheldekering, boma la kuzuia mawimbi ya bahari, kwa baiskeli za kukaa wima zisizo na gia, na hawashindani mpaka upepo ufike nguvu ya 7 kwenye kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 50 kwa saa au zaidi. Sisi twalipata bure.

Mbona upepo wa nyuma hausifiwi? Kwa sababu haujionyeshi. Ukienda 18 na upepo ukaenda 18 nawe, hewa haikugusi kabisa. Unahisi kuwa leo una nguvu, na unahisi joto, maana jasho halina wa kulikausha. Maji huisha upande huo, mpandaji akishangaa.

Mwenye hiari ya njia, wakati wa kusi aanzie Makunduchi aelekee kaskazini, na wakati wa kaskazi afanye kinyume chake. Asiyekuwa na hiari amalize upande wa mbisho kabla ya saa 4 asubuhi, viwiko vimekunjwa na kichwa kimeinama. Hadhari ya ziada iko kwa anayekwenda kaskazini, msimu wowote kati ya hiyo miwili. Bahari iko kuliani kwake, upepo unatoka kuliani, naye bila kujijua amelalia huko ili asiangushwe. Gari zinazompita nazo zinapita kuliani. Lori likifika ubavuni hukata upepo ghafla, na baiskeli iliyokuwa imelala kulia huvutika kuelekea kwenye matairi. Likishapita, upepo hurudi na kuisukuma pembeni kwenye mchanga. Ukisikia muungurumo nyuma, punguza mwendo, kaza mikono na jiache nafasi kushoto kabla halijakufikia.