Anasoma kanga zote za mama, lakini kucheza na wenzake hawezi

Swali: Shikamoo nesi. Mwanangu ana miaka 4. Anasoma maandishi ya kwenye kanga zangu, anahesabu hadi 100, ila akitoka kucheza hakawii kurudi analia. Watoto wa mtaani hapa Ujiji wanamwita mjuaji. Ana ugonjwa?

Jibu: Marahaba, mama. Kwa maelezo yako sioni ugonjwa. Kusoma kumetangulia, lakini moyo wake bado ni wa miaka 4. Kungoja zamu, kushindwa, kunyang'anywa kopo, vyote vinamuuma kama vinavyomuuma mwenzake. Sisi wakubwa ndio tunaosahau, kwa kuwa anaongea kama mzee.

Swali: Mbona wanamkimbia?

Jibu: Tazama watoto wakicheza kupikapika uani. Mchanga ndio dagaa, kopo ndio sufuria. Mwanao anafika na kusema, "Huo mchanga, siyo dagaa." Kweli kasema, ila mchezo kauvunja.

Mfundishe kupiga hodi. Asimame pembeni kwanza, aone wanapika nini, kisha aende na kitu: "Nimeleta kuni." Mpishi gani atakataa kuni? Jioni mfanye mazoezi jikoni, wewe ukiwa mwenye sufuria. Siku nyingine mkatalie, azoee kusema "basi nitarudi" bila machozi. Mazoezi hayo yatamsaidia kuliko kumsema kila siku.

Swali: Nimwache acheze na wakubwa tu? Wao wanaelewana naye.

Jibu: Acheze nao, lakini wakubwa humbeba: wanampisha, wanamwachia ashinde. Wa rika lake hawambebi, na hapo ndipo anapojifunza. Mwite mtoto mmoja tu, siyo kundi, kwa nusu saa hivi, wacheze kitu kisicho na mshindi, kama kujenga nyumba za mchanga. Vitabu usimnyime. Ila nakuomba sana, usimwite asome mbele ya wageni huku wenzake wamesimama pale. Wao wanaumia, na kesho hasira inamwangukia yeye.

Swali: Nimlete kliniki lini?

Jibu: Akiwa haitiki jina lake, hakutazami usoni, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, anasoma bila kuelewa anachosoma, au hana haja na watu kabisa. Masikio nayo yapimwe, maana asiyesikia vizuri huonekana ana kiburi. Anzia zahanati ya karibu. Ikibidi watakuandikia rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya mkoa wetu wa Kigoma. Usingoje afike darasa la kwanza. Njoo naye asubuhi kabla hajachoka, na kadi yake ya kliniki usiisahau.