Kulipa nauli ya meli si kubeba hatari ya bahari

Wauzaji wengi wa mazao nje ya nchi huamini kwamba wakiuza kwa CIF, yaani bei inayojumuisha bidhaa, bima na nauli, mzigo ni jukumu lao mpaka ufike bandari ya mnunuzi. Wewe ndiye uliyelipia safari, basi kahawa ikilowa njiani hasara ni yako. Sivyo.

Kwa mujibu wa Incoterms 2020, kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, gharama na hatari hazihami pamoja. Nauli humfuata muuzaji hadi bandari ya kushushia, lakini hatari humhamia mnunuzi mzigo unapopakiwa melini, sawasawa na FOB, yaani mauzo ambayo nauli ya meli hulipwa na mnunuzi. Meli ikizama siku ya pili, muuzaji bado anadai pesa yake yote, mradi hati zake ziko sawa. Wa kuifuata kampuni ya bima ni mnunuzi.

Na bima yenyewe ni nyembamba. CIF humtaka muuzaji akate kinga ya kiwango cha chini tu, kwa angalau asilimia 110 ya bei ya mkataba. Asilimia hiyo inavutia, ila haisemi lolote kuhusu aina ya maafa: moto, kuzama na kugongana kwa meli vimo, wizi na maji yanayopenya kwenye kontena havimo. Mnunuzi wa zao linaloota ukungu kwa unyevu kidogo, akinyamaza wakati wa kuandika mkataba, anacheza kamari. Kwa makontena, kanuni zenyewe huelekeza kwenye CIP, yaani muuzaji hulipa nauli na bima hadi mahali palipokubaliwa, ambayo tangu toleo la 2020 hudai bima pana zaidi.