Kobe wa Aldabra si kasa, na paka wa Amu si wa Firauni

Ukikaa na wavuvi ufukweni Malindi, habari ya Owen haikosi kuzuka, na ubishi nyuma yake. Kiboko yule mtoto aliokolewa hapa kwa nyavu baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akamganda Mzee, kobe wa Aldabra mwenye miaka mia na ushei.

"Yule ni kasa," binamu yangu hushikilia. "Kobe gani mkubwa vile?"

Mtazame miguu. Kasa ana makasia. Mzee ana magogo manne kama ya ndovu. Madume ya aina yake hupita kilo 200, na kwao ni Aldabra, Shelisheli, ambako wako kama 100,000.

Hapo binamu hubadili upande: kama si wa baharini, basi alipelekwa kule na watu kwa jahazi. La, wazee wake walielea wenyewe kutoka Bukini, yaani Madagaska. Ushahidi ulijileta mwezi uleule wa Owen, kabla ya tsunami. Kobe wa Aldabra aliibuka Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, amekonda, miguu imejaa vile vidude vya kaka ngumu vinavyoota chini ya mashua. Alikuwa ametoka kilomita 740 hivi. Mnyama huyu huelea, shingo yake ndefu huiweka pua juu ya maji, na anaweza kukaa miezi bila kula. Binamu alinyamaza. Kwa muda.

Wageni wa Amu, yaani Lamu, nao huuliza kisiwa kina mnyama gani wa peke yake, wakidhani kila kisiwa kina wake. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na kutoka Mokowe, kule bara, ungekuja Amu kwa miguu. Wanyama walipita vivyo hivyo, na tangu hapo muda haujatosha kuzaa aina mpya. Pemba ni hadithi nyingine: mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Ndiyo maana ina popo wake mkubwa, mla matunda, asiyepatikana penginepo. Nenda Kidike ukamwone akining'inia mchana.

Lakini paka wetu wembamba, je? Wanasifiwa kuwa masalia ya Firauni. Ni paka wa nyumbani tu, kama wa Mombasa. Mimi nawapenda, ila Aldabra paka wana kesi. Kule kuna ndege mdogo mwenye koo jeupe, asiyeruka, aliyezoea kisiwa kisicho na mwindaji. Grande Terre, kisiwa kimojawapo cha Aldabra walikofikishwa paka, hayupo tena. Picard, kisiwa kingine cha huko, nako alitoweka. Mwaka 1999 ilibidi abebwe kutoka kisiwa jirani na kurudishwa.