Unywaji hatarishi: anayepimwa si mlevi peke yake

Unywaji hatarishi ni unywaji unaoongeza uwezekano wa mtu kuumia, kuugua au kuharibikiwa kazi, hata kama bado hajapatwa na lolote. Huenda hajawahi kuchelewa kazini wala kuonekana akiyumba. Ndiyo maana watafiti wa pombe miongoni mwa wafanyakazi hawaulizi "nani mlevi hapa?" Jibu la swali hilo kila idara inalo, na halisaidii sana.

Chombo kinachotumika sana ni dodoso liitwalo AUDIT, lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kutokana na utafiti wa nchi sita katika miaka ya 1980, Kenya ikiwa mojawapo. Lina maswali 10. Matatu ya mwanzo huuliza unakunywa mara ngapi na kiasi gani. Matatu yanayofuata hutafuta dalili za utegemezi, likiwemo la kuzimua asubuhi. Manne ya mwisho ni ya majuto, kusahau yaliyotokea usiku, majeraha, na kama ndugu au daktari ameshakuambia upunguze. Alama ni 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji huhesabiwa kuwa hatarishi. Ukifika 20, unatakiwa kuchunguzwa utegemezi.

Chukua karani anayekunywa Ijumaa na Jumamosi tu, bia nne kila jioni. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, ilhali kinywaji kimoja kwa hesabu ya WHO ni gramu 10. Bia zake nne, basi, ni vinywaji vinane. Anapata alama 3 kwa kunywa mara mbili kwa wiki, 3 kwa kiasi, na 3 kwa kufikia vinywaji sita au zaidi kwa mkao mmoja kila wiki. Tayari ana 9, na maswali saba hayajaguswa. Jumatatu saa mbili kamili yuko mezani kwake.

Kwa mbege, busaa au gongo, hesabu hiyo huyumba, maana hakuna lebo ya kilevi na vipimo ni kata au kopo. Mtafiti makini huuliza kwanza ukubwa wa chombo.

Karani huyo ana uzito wake katika takwimu. Mwaka 1986 mtafiti Norman Kreitman alionyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara ya pombe katika jamii hutoka kwa wanywaji wa wastani. Wanywaji wakubwa hujidhuru zaidi, lakini ni wachache. Hawa wa wastani ni wengi mno. Kampuni inayomfukuza mlevi wake mmoja na kujiona imemaliza kazi imeshughulikia kipande kidogo tu.

Matokeo ya kazini nayo yasomwe kwa tahadhari. Waliozidiwa kabisa na pombe mara nyingi hawamo kwenye orodha ya mishahara: walishaachishwa, au wanaishi kwa vibarua. Waliobaki wanajua nani anakusanya fomu. Dodoso lenye jina, likipitia mezani kwa meneja, litaleta majibu ya watu wanaolinda ajira zao, na kiwango kidogo cha unywaji kitakachoandikwa kwenye ripoti kitakuwa kipimo cha woga huo.