Sindano za Kichina: yasemwayo Kampala na yanayofundishwa

"Wale hawasomi, wanazaliwa nayo." Ndivyo alivyoniambia jirani yangu hapa Kisenyi, fundi cherehani ambaye mgongo umemkataa tangu mwaka jana. Alikuwa ametoka kudungwa sindano na Mchina aliyefungua chumba cha tiba mjini. Nikamuuliza huyo mtu amesomea wapi. Akacheka. "Ndugu yangu, Mchina na sindano, unauliza cheti?"

Ni kama kusema kila Muganda anajua kutengeneza lubugo, ile nguo ya gome la mti, kwa kuwa ni Muganda. Uchina, daktari wa tiba ya jadi husoma chuo kikuu miaka mitano kwa shahada ya kwanza, na sehemu ya miaka hiyo anaimaliza wodini akisimamiwa. Husoma njia 14 za mwilini, zile ambazo tiba hiyo huamini nguvu hupitia, na vituo zaidi ya 360 vya kudunga, lakini husoma pia anatomia, fiziolojia na magonjwa kama yanavyofundishwa hospitali za kawaida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa asiye daktari, zisizopungua 1,000 zikiwa za vitendo. Daktari wa kawaida anayetaka kuongeza akupancha, yaani tiba hiyo ya sindano, juu ya taaluma yake aliwekewa saa 200. Kozi ya wikendi mbili haimo humo.

"Sindano zile zina dawa ndani"

Hazina hata tundu la kupitishia dawa. Ni uzi wa chuma usio na uwazi, unene wake kama robo ya milimita, na ikiingia vizuri hupati maumivu ya chanjo. Unapata uzito, ganzi kidogo, kitu kama kuvutwa kwa ndani. Mtaalamu huusubiri uzito huo, ndiyo maana anakuuliza uliza.

Anatomia inahitajika hapo hapo. Juu ya bega na kifuani nyama ni chache, na pafu liko karibu kuliko unavyodhani. Sindano ikizidi kina inaweza kulitoboa, hewa ikavuja, mtu akaishia hospitali akihema. Anayedunga sehemu hizo huipeleka kwa mshazari. Aliyejifunza kwa kutazama video hajui kwa nini.

"Masaji ya Kichina ni mambo ya starehe"

Nawalaumu wenye mabango ya usiku. Mara ya kwanza kwenda, nami nilivua shati nikajifunga taulo, na yule mama aliyekuwa anatibu akanitazama kama niliyepotea njia. Akanirudishia shati. Masaji yao ya tiba huitwa tuina, maneno mawili yenye maana ya kusukuma na kukamata, na mara nyingi hufanywa juu ya nguo au shuka nyepesi.

Alivingirisha mgongo wa mkono wake kiunoni mwangu, mbele na nyuma, kama asukumaye chapati bila kifimbo, na mdundo haukukatika hata mara moja. Mdundo huo haupatikani bure. Mwanafunzi wa tuina huanzia kwenye mfuko wa mchanga au mchele: kidole gumba kimetulia mahali pamoja, kifundo kinapepea, bega limelegea, siku baada ya siku, kabla hajaruhusiwa kumgusa mtu.

"Mashine yao inakupima mwili mzima"

Hili limenigharimu mwenyewe. Ofisi moja mjini walinishikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, dakika moja tu, kikatoka kitita cha karatasi: ini, figo, mifupa, mpaka nywele, kote kuna kasoro. Halafu mikebe ya vidonge ikapangwa mezani. Hakuna aliyeniuliza nina umri gani.

Aliyefunzwa tiba ya Kichina hahitaji kijiti. Anakutazama ulimi, anashika mshipa wa kila kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, anauliza usingizi, choo, jasho, hamu ya kula. Maswali yanachukua muda mrefu kuliko sindano zenyewe. Mimi nampima mtaalamu kwa hilo kwanza.

"Inatibu kila kitu"

Waswahili tuna neno zuri hapa: kupiga chuku. Ni kuumika kwa pembe, na pia ni kutia chumvi. Waliopigwa chuku mgongoni mara nyingi hupigwa na ile nyingine masikioni: sukari itapona, presha itapona, acha vidonge vya ARV. Usiache.

Ushahidi una adabu zaidi. Ujerumani walichapisha mwaka 2007 utafiti wa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliodungwa kwa utaratibu wa Kichina walipata nafuu. Kwa waliodungwa juu juu, pasipo vituo, ilikuwa 44.2. Matibabu ya kawaida yaliwapa nafuu 27.4 tu. Kwa hiyo kudungwa kuliwafaa wengi, lakini ile ramani ya vituo haikuleta tofauti kubwa. Walimu wa fani hawalipendi jibu hilo. Mimi naliona la kweli kuliko mabango.

"Serikali haiwatambui"

Timu za madaktari wa Uchina huja Uganda tangu mwaka 1983, kutoka jimbo la Yunnan, na wadungaji wa akupancha wamekuwa miongoni mwao. Mwaka 2019 ikapatikana sheria ya tiba za jadi na tiba mbadala, yenye baraza la kuwasajili watoa tiba hizo. Kuuliza usajili basi si ukorofi. Wala si ukorofi kutaka pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, maana sindano iliyotumika kwa mwingine yaweza kukupa homa ya ini aina ya B.

Nilimuuliza jirani kama alifunguliwa pakiti. Alisimamisha cherehani, akafikiri. "Nilikuwa nimelala kifudifudi," akasema.