Msongo wa mawazo ni nini hasa?

Mwanza, mtu akinyamaza sana ndani ya daladala utasikia, "Huyo ana mawazo." Mawazo hapo yanaweza kuwa deni, msiba, ndoa au ada ya shule. Vijana wanasema stresi, wataalamu wanasema msongo wa mawazo. Mimi napenda hili la mwisho, kwa sababu limetoka kwenye kusonga, yaani kubana na kukandamiza. Mafundi umeme nao wana nyaya zao za msongo mkubwa. Hata neno la Kiingereza, stress, hutumiwa na wahandisi wanaopima chuma kinavumilia mzigo kiasi gani. Aliyelieneza kwenye tiba ni mtafiti wa homoni, Hans Selye. Mwaka 1936 aliandika kuhusu panya aliowapitisha kwenye baridi, majeraha na sumu: mateso yalitofautiana, lakini miili yao iliitikia kwa namna moja.

Kwa hiyo deni lenyewe siyo msongo. Msongo ni jinsi mwili na akili vinavyolipokea.

Chukua mama anayeanika dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Saa nane mchana dagaa wametandazwa mchangani, mara wingu zito linainuka ziwani. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, ini linaachia sukari, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linasitisha kazi kwanza. Anaita watoto, wanakusanya, turubai linafunikwa kabla mvua haijakolea. Nusu saa baadaye amekaa kwenye ndoo anacheka na jirani. Msongo ule umemwokolea mtaji, na umeshapita.

Sasa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, hivyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa na mama hana cha kuanika. Marejesho ya mkopo hayaangalii mwezi. Jumatatu ni Jumatatu, hasa kama ni ile mikopo tunayoiita kausha damu. Hapa hakuna wingu la kulikimbia. Simu ikiita tu, moyo unaruka. Mwili unabaki umewashwa usiku na mchana, na kotisoli, homoni inayofuatia adrenalini, haishuki inavyopaswa. Hali hiyo ikienda kwa miezi, usingizi unavurugika, presha inapanda, kinga inalegea, na mwenye kisukari anaona sukari yake haitulii.

Vidonda vya tumbo je? Mtaani tunasema vinaletwa na mawazo. Siyo sahihi sana. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Dawa za maumivu zinazomezwa ovyo nazo zinachangia. Mawazo yanaweza kuyazidisha maumivu, lakini kumwambia mgonjwa "acha kuwaza" bila kumpima ni kumchelewesha.

Mwanasaikolojia Richard Lazarus alieleza kwa nini watu wawili wenye deni moja hawaumii sawa. Akili hujiuliza mambo mawili: hili linanitishia? Na je, nina uwezo wa kulikabili? Jibu la swali la pili ndilo linaloamua mengi, nalo halihusu fedha tu. Mwenye dada wa kumpigia simu usiku anajiona ana uwezo kuliko aliye peke yake.

Kukabiliana na msongo kuna njia mbili. Moja ni kuligusa tatizo lenyewe: kutengeneza chanja ili dagaa wasilale chini, au kuomba kikundi kipange marejesho yafuate giza. Nyingine ni kutuliza moyo pale tatizo lisipogusika, kwa sala, kwaya, matembezi au kulia mbele ya mtu unayemwamini. Msiba hautengenezewi chanja. Kosa ni kuzibadilisha: kusali tu wakati mwenyekiti wa kikundi yupo nyumba ya pili, au kuhangaika na jambo ambalo limeshapita. Pombe nayo inatuliza usiku huo, lakini inakuamsha saa tisa na deni bado lipo.

Presha haipigi hodi. Kama umelala vibaya kwa wiki kadhaa, pita zahanati wakufunge kile kitambaa mkononi. Na kama mawazo yamefika mahali unaona afadhali usiwepo, mwambie mhudumu wa afya hivyo hivyo ilivyo, leo, usisubiri giza lirudi.